Njombe kwa IST na mke anayeogopa mlima Kitonga, tupite wapi?

Mbena wa Mbagala
Wakuu habari zenu. Mwezi wa 12 mdogo wangu anaoa huko Njombe na safari hii nimeapa hatupandi basi, tunaenda na kigari chetu IST, mimi, mama watoto, binti yetu Zawadi na shangazi yangu. Shida ni moja, mama watoto anaogopa milima. Siyo ule uoga wa kawaida, ni ule wa kushika dashibodi, kufumba macho na viganja vinatoa jasho. Kakulia Mafia, kule hakuna mlima wa kumzoesha mtu. Mara ya mwisho tulipanda basi, tumefika Kitonga dereva anabanana na malori kwenye kona, bibie akanyanyuka anataka kushuka, konda anamwambia mama kaa chini unatia watu hofu na abiria wanacheka. Toka siku hiyo nikitaja Njombe anajibu nenda ukatusalimie.

Sasa naomba kujua, kuna njia ya kufika Njombe bila kupita Kitonga? Kwenye ramani ya simu naona kuna njia inakatiza Ifakara inatokea hukohuko Njombe na inaonekana fupi. Na kama hakuna, nyie wenye watu wa namna hii mnasafiri nao vipi? Tafadhali msije na "mwambie asiogope", hiyo nimeshaitumia mpaka imeisha nguvu.

Mchokozi wa Tandale
Ungeoa Makete mkuu saa hizi usingekuwa na uzi 😂😂

Kijana wa Makambako
Achana na huyo hapo juu. Kwanza hiyo ya Ifakara ifute kichwani kabisa. Ramani ya simu inakuonyesha mstari tu haikuonyeshi udongo. Ile inatoka Ifakara inaenda Mlimba halafu inapanda kutokea bonde la Kilombero kuja Madeke, ni mlima mkali na sehemu kubwa vumbi, na mwezi wa 12 vumbi linakuwa tope. Ukimpitisha huko na IST hiyo harusi utaisikia kwenye simu, na mkeo hata Morogoro hatakuja kwenda tena na wewe.

Halafu elewa jambo moja. Njombe iko juu, Dar iko baharini. Popote utakapopita lazima upande mahali. Barabara kuu unapandia Kitonga. Ukizungukia Dodoma na Mtera unapandia Nyang'oro. Ukizungukia kusini, yani Lindi, Masasi, Tunduru, Songea, unakuja kukutana na kona za Lukumburu ukiwa unakaribia Njombe. Kwa hiyo swali siyo njia isiyo na mlima, swali ni mlima upi na unaupitaje.

kipepeo_22
Njia ya kusini siku hizi lami mpaka Songea watu wanaisifia sana, hakuna foleni ya malori

Kijana wa Makambako
@kipepeo_22 ni kweli lami ipo ila ni zaidi ya kilomita elfu moja dada yangu, wakati kwa Kitonga ni 700 na kitu. Na ile Dar–Lindi mvua za 2024 tuliona zilivyoikata pale Somanga watu wakalala njiani. Uzunguke nchi nzima kukwepa Kitonga halafu uishie Lukumburu, kona juu ya kona? Hapana.

Suka Mstaafu
Nimeendesha semi kwenda Tunduma na kuvuka kwa miaka mingi kabla sijakaa pembeni, acha nimsaidie kijana.

Bwana Mbena, Kitonga yenyewe siyo ndefu. Ukishapita Ruaha Mbuyuni na Mahenge unaanza kupanda, unakuja kutokea juu kuelekea Ilula. Gari dogo ukiwa huna kitu mbele ni kama robo saa tu umeshamaliza, ukikaa nyuma ya lori lenye mzigo wa Kongo hapo hesabu nusu saa na zaidi. Huo ndio muda wote mkeo anaouogopa. Safari ya siku mbili anaikataa kwa sababu ya nusu saa, na simlaumu, maana nusu saa hiyo akiipitia na dereva wa hovyo ni ndefu kweli.

Watu wanachosahau ni Iyovi. Ukitoka Mikumi kabla hujafika Ruaha Mbuyuni kuna milima ya Iyovi, kona zake siyo za kutisha kwa macho kama Kitonga ila watu wanakimbia pale kwa sababu hawajajiandaa, na ajali zinatokea. Mwambie mkeo mapema kwamba Iyovi ipo. Mtu mwoga akikutana na kona ambazo hakuambiwa ndio anapoteza imani na wewe, akifika Kitonga ameshachoka.

Sasa muda. Wengi watakwambia pita alfajiri. Mimi nakwambia hapana. Malori yanayolala Ruaha Mbuyuni na Mahenge yanawashwa alfajiri hiyohiyo, yote yanaingia mlimani kwa pamoja, unakuta msururu. Na mabasi yaliyotoka Dar asubuhi yanafika pale kwenye mchana na yana haraka. Wewe lala Mikumi, usilale Moro maana bado mbali, kunywa chai taratibu, ondoka ukafike chini ya mlima saa tatu kwenda saa nne asubuhi. Malori ya alfajiri yamepungua, mabasi bado. Siyo kwamba utakuta barabara tupu, ila utakuta nafasi ya kuchagua mwendo wako.

Mchokozi wa Tandale
Pita usiku asione kitu, asubuhi anaamka yuko Njombe. Si mabasi yanatembea usiku siku hizi

Suka Mstaafu
Mabasi yameruhusiwa usiku toka 2023 ndiyo, lakini mabasi yana madereva wawili na wewe uko mmoja. Usiku Kitonga huoni shimo, huoni jiwe, unaona taa tu zinakuja juu ya kichwa chako, na gari bovu lililoachwa barabarani bila taa unaliona ukiwa umeshalifikia. Mchana angalau unaona matawi. Ukiona matawi ya miti yamewekwa barabarani ujue mbele kuna gari limekufa, punguza mwendo hapohapo usisubiri mpaka ulione.

Na mtu mwoga akiwa gizani anajitengenezea korongo kubwa kuliko lililopo.

Fundi Breki
Nina gereji kwa hiyo nitaongea ya kwangu. Kupanda siyo shida ya breki, ni shida ya joto. IST ikiwa na watu wanne na mizigo ya harusi, AC inawaka, nyuma ya lori mwendo wa konokono, angalia geji ya temperecha. Ikianza kupanda zima AC fungua vioo. Ikichemsha tafuta sehemu pana uegeshe, na usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto, utaungua uso. Kabla ya safari hakikisha feni inafanya kazi na kulanti imejaa, siyo maji ya bomba.

Kazi iko kwenye kurudi. Kushuka. IST nyingi za automatiki zina D, 2 na L pale kwenye gia. Watu wanashuka Kitonga na D wamekanyaga breki kuanzia juu mpaka chini, breki inapata moto, fluidi inachemka, unakanyaga pedali inazama tu haishiki. Weka 2 kabla hujaanza kushuka, siyo katikati umeshakimbia. Injini ipige kelele, iache ipige, haina shida yoyote. Breki ukanyage kwa vipindi, unakanyaga mwendo ushuke unaachia. Ukisikia harufu ya kuungua egesha zipoe zenyewe, usizimwagie maji utapinda diski. Na usije ukaweka nyutro eti unaokoa mafuta, wala usizime injini, ukizima breki inakuwa ngumu baada ya kuikanyaga mara mbili tatu na usukani nao unakuwa mzito.

Badilisha fluidi ya breki kabla ya safari. Wengi hawajawahi kuibadilisha toka gari litoke Japani, inavuta unyevu inachemka haraka. Pedi nazo zikiwa nyembamba toa.

Mbena wa Mbagala
Mnanifungua macho wakuu. Suka asante sana, sikuwa nawaza habari ya Iyovi kabisa. Fundi, gari naileta kwako uko wapi? Na vipi kuhusu hiyo ya Mtera, imeongelewa juu juu

Mzee wa Mtera
Ngoja nikuongelee mimi mwenye nayo. Dar hadi Dodoma ni kilomita kama 450, hakuna mlima wa kutisha. Dodoma hadi Iringa ni 260 hivi, lami yote. Unapita juu ya bwawa la Mtera, Migoli, Izazi, halafu ndio unakutana na Nyang'oro kabla ya kuingia Isimani. Nyang'oro ni mlima na una kona, asikudanganye mtu kwamba ni tambarare. Tofauti yake na Kitonga ni malori. Mzigo wa Zambia na Kongo karibu wote unapita Kitonga, huku kwetu ni mabasi, fuso na magari madogo. Unaweza kushuka kilima chote kwa mwendo wako bila mtu kukupigia honi nyuma.

Gharama yake ni kilomita 200 na zaidi ukilinganisha na kupita Morogoro–Mikumi, mafuta na muda. Na Dodoma lazima ulale.

treni_ni_tamu
Kwa nini asipande treni ya SGR mpaka Dodoma yeye na mtoto, wewe ukamchukue? Toka 2024 inafika Dodoma, masaa manne tu umeshafika. Au treni ya TAZARA mpaka Makambako kabisa, pale Njombe ni kilomita 60 tu

Kijana wa Makambako
TAZARA ulizia kwanza kama inatembea wiki hiyo na usiwe na harusi ya kesho yake 😅. Halafu kipande cha Mlimba kuja Makambako ni mahandaki na madaraja marefu, ukiwa na bahati unapita usiku mkeo amelala, treni ikichelewa mnapita mchana kweupe anaangalia bonde kupitia dirisha. Mimi naipenda hiyo kuliko safari yoyote nchi hii ila siyo ya mtu anayeogopa urefu.

SGR wazo zuri, ila bado Dodoma–Iringa ina Nyang'oro. Na mume yuko peke yake barabarani huku mke anawaza huko, sioni faida.

Nesi Kibaha
Naomba niseme upande mwingine maana mnaongelea gari tu. Hofu ya namna hii ni ya kweli mwilini, moyo unakimbia, mikono jasho, pumzi inakuwa fupi, kichwa kinazunguka, na mtu anajua kabisa kwamba hana sababu ila mwili haumsikilizi. Kumcheka kunaiongeza. Kinachosaidia ni kuizoea kidogo kidogo. Mna wiki kadhaa hapo, mpeleke Goba siku ya Jumapili mzunguke vile vilima, wiki ijayo Kisarawe upande wa Pugu, akae mbele, yeye ndiye aseme twende au tusimame. Asilazimishwe. Akishajua kwamba neno lake linasimamisha gari hofu inapungua sana.

Mlimani apumue taratibu, kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Aangalie mbele mbali siyo dirishani chini. Asipande na njaa na asishibe sana. Kuhusu dawa, zile za kichefuchefu za famasi nyingi zinaleta usingizi, muulize mfamasia, na dereva asiziguse kabisa hata kama naye kichwa kinamzunguka. Na msimpe mtoto dawa ya mtu mzima kwa kukadiria.

Konda Mstaarabu
Nimekuwa konda njia hiyo, siyo makonda wote wanacheka abiria jamani. Tulikuwa na mama mmoja kila akipanda anaomba siti ya upande wa korido mstari wa mbele, tunamtunzia. Anachotaka ni kuona barabara bila kuona bonde. Kwa gari dogo nadhani ni vilevile, wengine wanapata nafuu wakikaa mbele wanaona, wengine nyuma katikati. Muulize yeye.

Rift Valley Boy
Wasee wa TZ niaje. Mimi ni wa Iten, hiyo kitu naijua. Iten iko juu ya mita 2,400 halafu barabara inateremka kupitia Tambach hadi chini Kerio Valley, ni kona baada ya kona. Mamangu huwa haogopi barabara, anaogopa dere. Akipata dere mpole hata analala. Akipata yule wa kuovateki, atashuka hata kama ni porini. Kwa hivyo swali langu kwa mwenye uzi, wewe huwa unaendesha aje?

Mchokozi wa Tandale
Swali zito hilo 😂 Mbena jibu

Mbena wa Mbagala
Mimi naendesha vizuri tu, sijawahi kugonga hata kuku

Mama Zawadi
Habari zenu. Mimi ndiye huyo anayeogopa. Nimeona simu ya baba Zawadi inalia lia usiku nikajua ana mtu, kumbe ananijadili na watu. Nimesoma yote, nimejisajili ili nijibu mwenyewe.

Kwanza niwashukuru, hasa Nesi na huyo kijana wa Kenya maana amelisema. Mimi sikatai mlima. Mlima hautembei. Ninachoogopa ni lori liko mbele, baba Zawadi anachungulia kulia, anasema "hapa inatosha", na haitoshi, anarudi. Anachungulia tena. Kila akichungulia mimi nakufa. Ya basi ilikuwa hivyohivyo, dereva anaovateki kwenye kona wakati bonde naliona, sasa hapo mtu ukae kimya?

Kwa hiyo mimi nitaenda ila kwa masharti yangu, na nayaandika hapa mbele ya mashahidi. Kuanzia chini ya mlima mpaka juu hakuna kuovateki lori hata likitembea mwendo wa miguu. Hata dereva wa lori akiwasha indiketa ya kushoto kukuruhusu, hupiti. Nakaa mbele, siyo nyuma, maana nyuma sioni kinachokuja nabaki kubahatisha. Usiniambie usiogope. Niambie "inakuja kona ya kulia, mbele kuna lori, nasimama nyuma yake." Hivyo tu, habari za barabara, siyo habari za moyo wangu. Redio izimwe. Na nikisema simama unatafuta sehemu pana unasimama, huniulizi kuna nini.

La mwisho ni shangazi. Shangazi nampenda, ila shangazi kila kona anaita Yesu kwa sauti. Akiita yeye, mimi najua tumekwisha. Shangazi apande basi.

Suka Mstaafu
Mama Zawadi shikamoo 🙌. Mimi mzee lakini nakuamkia. Hayo masharti ndiyo tuliyokuwa tunafundishwa. Lori likipanda Kitonga na mzigo haliwezi kukimbia, na wewe ukilipita unakutana na lingine mbele, na lingine, umepata nini? Dakika tano. Hiyo ya indiketa umeijua vizuri, wenzetu wanatusaidia lakini dereva wa lori anaona mbele ya lori lake, haoni wewe unahitaji sekunde ngapi na gari lako lina nguvu gani. IST yenye mzigo kwenye mwinuko haina nguvu ya kupita haraka.

Nafasi utakayoacha nyuma ya lori iwe kubwa. Malori yanakatika mlimani yanarudi nyuma, ukilibana huna pa kukimbilia. Acha nafasi ya gari tatu nne hata kama watu wa nyuma wanapiga honi. Wenye haraka watakupita, waache.

Mbena wa Mbagala
Wakuu, nimekaa kimya kidogo nilikuwa na kikao 😅

Tumekubaliana. Masharti yote yamepita isipokuwa la shangazi, bado linajadiliwa. Njia sasa, wote wawili tumeipenda hesabu moja iliyotokana na mliyosema. Kwenda tupande Kitonga, kwa sababu kupanda ni mwendo mdogo na breki hazina kazi kubwa, tunalala Mikumi kama Suka alivyosema. Kurudi tusishuke Kitonga na malori mgongoni, turudi kwa Iringa–Mtera–Dodoma tushuke Nyang'oro kwa mwendo wetu, tulale Dodoma, kesho yake Dar. Mnaonaje?

Mzee wa Mtera
Hiyo ni akili. Kupanda penye msongamano, kushuka penye nafasi. Karibuni sana.

Fundi Breki
Nakubali. Ila 2 iko palepale, hata Nyang'oro. Mlima mdogo nao unachemsha breki ukiukanyagia

Kijana wa Makambako
Ongezea: Iringa msipande mjini kulala kama hamna shughuli. Mji uko juu kilimani, barabara kuu inapita chini Ipogolo. Watu wa Kitonga wakishapumua wanashangaa tena kilima cha kuingia mjini. Kuleni Ipogolo muendelee Mafinga, Makambako, Njombe. Toka pale ni mabonde ya kawaida na misitu ya Sao Hill, kuna ukungu tu na baridi, bebeni masweta ya mtoto. Na vijijini 50 ni 50, tochi za trafiki za kupima mwendo zipo kila mahali, msije mkatoa hela ya mchango wa harusi barabarani.

kipepeo_22
Na Mikumi hifadhini fuateni vibao vya mwendo, faini za kugonga wanyama zimeandikwa pale kwenye bango ukizisoma unapunguza mwenyewe

Mbena wa Mbagala
MREJESHO. Wakuu tuko Njombe, baridi la hatari, harusi ni kesho.

Mikumi tumelala vizuri, Zawadi kaona tembo na twiga bila kulipa kiingilio. Iyovi nilimwambia mapema, akawa anasema yeye mwenyewe "hii ni Iyovi" na tukapita. Ruaha Mbuyuni tukasimama kununua vitunguu, hapo nikaona ameanza kunyamaza. Nikazima redio.

Kitonga tumeingia kama saa nne kasoro. Nikakuta lori la makontena mbele, nikakaa nyuma yake mbali. Gari ndogo zikanipita, moja jamaa akanitolea ishara ya mkono sitaisema hapa. Mimi nasema tu kona ya kushoto, lori linakuja, limepita. Katikati tukakuta matawi barabarani, lori limekatika ekseli limeziba upande mmoja, tukasimama karibu saa nzima wanapitisha kwa zamu. Nilijua hapo ndio mwisho, atashuka. Kumbe ndio ilimsaidia! Gari imesimama, kashuka kweli lakini kwa utaratibu, kasimama upande wa mwamba, kanunua mahindi kwa watoto waliokuwa wanauza kwenye foleni, kaangalia bonde kwa mbali kidogo. Akarudi akasema twende. Ilula tukanunua ndoo ya nyanya ya bei ya kutupa.

Geji ilipanda kidogo nikazima AC, Fundi uko sahihi.

Shangazi alikuja na sisi. Mama Zawadi alimpa Zawadi alale mapajani, akaambiwa asimwamshe mtoto. Kimya mpaka Ipogolo.

Nesi Kibaha
Jamani nimefurahi!! Hongera Mama Zawadi. Ila kumbuka kurudi hofu inaweza kuja tena, siyo kwamba imeisha. Usijione umeshindwa.

Mama Zawadi
Asante dada. Najua haijaisha, usiku nimeota niko mlimani. Lakini sasa najua robo saa yangu naweza kuivumilia kama mwenye usukani ananisikia. Wakwe wamefurahi, mama mkwe kaniuliza mbona siku zote ulikuwa huji, nikamwambia muulize mwanao.

Naomba kuuliza kwa Mzee wa Mtera. Tunaondoka Jumatatu. Hapa Njombe mvua inanyesha kila mchana. Nyang'oro ikinyesha inakuwaje?

Mzee wa Mtera
Mama, mvua ikinyesha mawe madogo yanashuka barabarani pale kwenye kingo zilizokatwa, na lami inateleza kwa dakika za mwanzo za mvua kuliko baadaye. Kwa hiyo mlale Iringa au Ipogolo, asubuhi mtoke baada ya chai, saa nne mko chini tayari jua linawaka. Msianze kushuka mvua ikiwa inapiga, subirini Isimani juu. Ukungu ukiwepo washeni taa za kawaida, siyo fuli, na hazadi mziache kwa walioharibikiwa, maana ukiwasha unatembea wa nyuma hajui umesimama au unaenda.

Mkishafika chini ni tambarare mpaka bwawani. Pale Mtera mtaona samaki wanauzwa kando ya barabara, wabichi na wa kukaanga.

Mama Zawadi
Samaki ndio mmenipata sasa. Bei vipi, na wanafika Dar hawajaharibika?

Mzee wa Mtera
Wabichi hawafiki, Dodoma tu wameshanuka. Chukua wakavu au waliokaangwa siku hiyohiyo. Bei ya kwanza watakayotaja ukiwa ndani ya gari la namba ya Dar usiikubali, shuka, na usimtume baba Zawadi.